"Wewe hukusoma, umesimuliwa": nilisema hivyo na baraza langu likanyamaza

Shangazi,

Salaam kutoka Tanga. Kwa umri huenda mimi ndiye wa kuamkiwa, lakini leo nimekuja kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, kwa hiyo tuliache hilo.

Ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Kiswahili miaka 36. Nilianza mwaka 1984 katika shule moja ya ndani huko Handeni, ambako Kusadikika cha Shaaban Robert kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Mwalimu nakishika, nasoma kwa sauti, vijana 45 wanasikiliza. Nilipostaafu nikasema sasa nataka kukaa na watu ambao kila mmoja ana kitabu chake mkononi.

Ndivyo lilivyoanza baraza letu. Tuko 11, tunakutana nyumbani kwangu Ngamiani Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya Alasiri. Kahawa juu yangu, kashata na visheti kwa zamu. Tunasoma vitabu vya zamani tu, vile ambavyo watu husema wamevisoma kumbe walikutana navyo kwenye mtihani. Tumeshafuatana na mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tumepita bandarini na Kuli ya Adam Shafi, na Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitugombanisha wiki mbili nzima. Sharti la baraza ni moja: anayekuja awe amemaliza kitabu.

Mwezi wa kwanza ilikuwa zamu ya Kusadikika. Miongoni mwetu yumo mama mmoja fundi cherehani, nimwite Bi Fundi. Kwa kawaida hasemi sana. Siku hiyo alisema kuliko wote. Alisema kila mtu anamsifu Karama, mshtakiwa wa kitabu hicho, kwa namna alivyojitetea, ila yeye aliyemshangaza ni Mfalme: mwenye enzi anakaa kitako, anamsikiliza mshtakiwa akihadithia habari za wajumbe sita waliokwenda kuitafutia nchi heri wakaishia kifungoni, tena nchi yenyewe ni yake. Kisha akamwigiza Waziri Majivuno anavyotoa mashtaka, kwa sauti ya mtu aliyejaza upepo mashavuni. Baraza zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka.

Nikamuuliza, kwa nia njema kabisa, "Hapo ni ukurasa wa ngapi, Bi Fundi?"

Akasema hajui. Ulikuwa msimu wa sare za shule, tangu Desemba hajainua macho kwenye cherehani, kwa hiyo binti yake wa kidato cha tatu alikuwa akimrekodia kitabu kwenye simu kila jioni, kipande kwa kipande, naye akisikiliza huku anashona.

Nikamwambia, "Basi wewe hukusoma. Umesimuliwa."

Sikupaza sauti. Nilisema kama nilivyozoea kusahihisha darasani. Akajibu, "Nimekuelewa, Mwalimu," akanywa kahawa yake mpaka ikaisha, akaaga. Usiku simu ikaonyesha amejitoa kwenye kundi letu la WhatsApp. Mwezi wa pili walikuja watu watano, na hao watano walinijibu kama wanafunzi wanaoogopa fimbo. Mmoja wao, muuguzi, alinivuta pembeni akaniambia hata yeye husikiliza vitabu akiwa zamu ya usiku, na kwamba yule kijana wetu wa forodha riwaya za Kiingereza za kale zote anazozitaja amezipata kwa hedifoni, zile zinazosomwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure. Kumbe nimezungukwa!

Shangazi, sitaki kujifanya nimebadilika wakati sijabadilika. Bado naona kusoma ni kusoma. Jicho hurudi nyuma, hukaa juu ya neno moja hata dakika tano, sikio huburutwa. Anayesikiliza hupewa kitabu kikiwa kimeshatafunwa na kinywa cha mwingine. Wahenga walisema kusikia si kuona. Nami, pamoja na macho yangu haya, miwani hii ni ya tatu, kila kitabu nakisoma kwa karatasi hata kikinichukua miezi miwili.

Lakini baraza linakufa na mimi ndiye niliyeliua. Je, nimekosea? Na kama nimekosea, narudi vipi?

Mwalimu, Tanga

*

Shikamoo Mwalimu,

Nimeianza kwa shikamoo kwa kuwa uliikwepa, na kwa kuwa baada ya hapa nitakuwa mkali kidogo, ni vyema heshima itangulie.

Umekosea. Ila umeuliza maswali mawili kana kwamba ni moja, nami nitayatenganisha, maana katika moja una haki zaidi ya unavyodhani, na katika jingine huna hata chembe.

Nianze na darasa lako la Handeni. Wewe mwenyewe umeandika: kitabu kimoja, sauti ya mwalimu, vijana 45. Hao vijana wako, waliosikia Kusadikika kinywani mwako na wakaenda kuandika insha juu ya Karama, hukusema wamesimuliwa. Uliwasahihishia ukawapa maksi. Nina hakika wako watu wazima leo, wengine wana wajukuu, ambao wakiulizwa "Shaaban Robert ulimsoma wapi?" watasema "Handeni, kwa Mwalimu fulani." Watasema walimsoma. Nawe ungewasikia ungefurahi. Sasa binti wa kidato cha tatu amefanya Ngamiani ile kazi uliyoifanya Handeni, tena kwa mwanafunzi mmoja ambaye ni mama yake, na wewe ukaikataa. Kwa nini? Nadhani kwa sababu Handeni sauti ilikuwa yako.

Limeuma? Basi tuendelee.

Methali yako naijua, na ni nzuri. Lakini wahenga hao hawakukuandikia barua. Uliisikia, kutoka kwa mtu aliyeisikia. Na si methali tu. Wewe ni mtu wa pwani, unamjua Muyaka bin Haji wa Mombasa kuliko mimi. Alifariki 1840. Sehemu kubwa ya mashairi tunayoyasoma leo ilibaki vichwani mwa watu miaka na miaka, mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya akishirikiana na mmisionari Taylor, na diwani yenyewe ikachapwa mwaka 1940. Miaka mia moja! Kama masikio ya watu wa Mombasa yangekuwa masikio ya kuburutwa tu, leo usingekuwa na Muyaka wa kumshika mkononi.

Halafu kuna utenzi wa Mwana Kupona. Mwaka 1858 mama mgonjwa anamwita bintiye, anamwambia asogee na wino na karatasi, kwani ana jambo moyoni anataka kumwambia. Na lile neno la ubeti wa kwanza, Mwalimu, ulilowafafanulia wanafunzi miaka 36 kwa kuwa ni la Kiamu, lahaja ya Lamu, na watoto wa bara hawalijui: upulike. Usikilize. Utenzi unaohesabiwa miongoni mwa vito vya fasihi yetu ulianza kwa mama kusema na binti kusikiliza. Kwako Tanga imegeuka, binti anasema na mama anasikiliza, na badala ya wino kuna simu na badala ya karatasi kuna sare za shule. Mimi niliposoma barua yako pale nilisimama nikaisoma tena. (Kwa macho, kabla hujauliza.)

Hoja yako wala si mpya. Mwaka 1935 Uingereza ilipoanza kutoa vitabu kwenye santuri kwa ajili ya wasioona, wakiwemo askari waliopofuka katika Vita Vikuu vya Kwanza, miongoni mwa vya mwanzo vilikuwa riwaya ya Agatha Christie na hadithi ya baharini ya Joseph Conrad. Mzozo ulizuka mapema: je, aliyeketi kando ya gramafoni amesoma, au amesomewa tu? Wako waliosema msomaji wa kweli asiyeona ni yule wa Braille, anayeipapasa herufi mwenyewe, na kwamba santuri ni uvivu. Fikiria unamwambia hivyo askari aliyeacha macho yake vitani.

Na kabla ya santuri walikuwepo wasokotaji sigara wa Cuba. Tangu 1865 huko Havana wafanyakazi walikaa mezani wakisokota majani ya tumbaku, mmoja wao ameketi juu ya kiti kirefu akiwasomea magazeti na riwaya, na mshahara wake walimchangia wao wenyewe. Riwaya ya Mfaransa Dumas, The Count of Monte Cristo, kuhusu yule mfungwa anayetoroka na kurudi kulipiza kisasi waliipenda mno, hata leo kuna sigara inayoitwa Montecristo. Hao nao mikono ilikuwa kazini na masikio kitabuni, kama Bi Fundi. Na walijua kubishana juu ya kitabu, usifikiri walikuwa wanapitisha muda.

Sasa nikurudishie haki yako, kwa sababu unayo.

Ni kweli sikio huburutwa. Mwaka jana nilikuwa nasikiliza riwaya moja ndefu ya Kirusi huku naosha vyombo, nikashtukia nipo mazishini na sijui nani amekufa. Nilirudi nyuma mara mbili ndipo nikamkuta marehemu kati ya sufuria na sahani. Kwa karatasi lisingenipata hilo. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwapa wanafunzi somo lilelile, wengine kulisoma na wengine kulisikiliza, na mwaka 2010 wakaandika kwamba waliosikiliza walifanya vibaya zaidi kwenye jaribio. Hilo liweke mfukoni. Ila weka na hili jingine: mwaka 2019 wenzao wa California walipima ubongo wa watu wakisoma hadithi na wakisikiliza hadithi zilezile, wakakuta maana za maneno zinashughulikiwa kichwani kwa namna inayofanana sana, iwe zimeingia kwa jicho au kwa sikio. Mlango ni tofauti, sebule ni moja. Kinacholeta tofauti zaidi ni kama mgeni ameketi au anapita tu.

Na Bi Fundi aliketi. Ushahidi umeuandika wewe. Wanabaraza wengine mlikisoma kwa macho, au ndivyo ulivyodhani, na hakuna aliyemtazama Mfalme. Wote mlimfuata Karama kwa sababu Karama ndiye anayesema. Yeye aliyekuwa anasikiliza akamwona msikilizaji mwenzake. Sijui kama mtu mwenye kitabu mkononi angefika hapo kwa wepesi. Mimi nimekisoma mara tatu na sikufika. Na ile sauti ya Majivuno iliyowachekesha haiko kwenye karatasi. Ni binti aliyeona kwamba jina hilo lina mashavu, akaisoma hivyo. Unasema ni kitabu kilichotafunwa na kinywa cha mwingine. Sawa, lakini kila Mwislamu na kila Mkristo wa mtaa wako amekula chakula cha namna hiyo maisha yake yote na hatusemi hana dini.

Vitabu vyenyewe pia havifanani. Kuli, yenye kelele za bandari na watu kujibizana, ipe sikio, hasa kama msomaji ni mtu wa visiwani anayejua kuitamka. Riwaya za Kezilahabi za mwisho, Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991, hizo mtu asijaribu kuzisikiliza akishona, atajichoma sindano. Zinataka karatasi, kalamu na kurudi nyuma. Tenzi zina haki kwa sikio kwanza na jicho baadaye. Hapo ndipo ujuzi wako unapohitajika, kuwaambia watu kitabu hiki kiingieni kwa mlango upi. Ungetumia miaka 36 yako hapo badala ya kusimama mlangoni ukikagua viatu.

Sasa swali la pili, la kurudi.

Usitume meseji. Usimwombe muuguzi akapeleke salamu. Na tafadhali usiende na suruali ya kupunguza kiunoni ili upate kisingizio. Fundi yeyote anamjua mteja aliyekuja na lake. Nenda mwenyewe, asubuhi kabla wateja hawajajaa, ukae kwenye kile kiti cha mteja, useme: "Nilikukosea mbele za watu. Ulisema jambo kuhusu Mfalme ambalo katika miaka 36 sikuwahi kulifikiria, na badala ya kukushukuru nikakuuliza ukurasa." Useme hivyo na uishie hapo. Usiongeze "lakini." Najua neno hilo linakuja mdomoni mwa walimu lenyewe. Wala usimwombe arudi siku hiyohiyo. Msamaha unaobeba ombi mgongoni huonekana kama biashara. Akikukaribisha chai, kunywa. Akikuambia ana kazi nyingi, ondoka kwa adabu.

Kisha sema tena palepale uliposema mwanzo, barazani, mbele ya walewale, hata kama watakuwa watano. Hii ni ngumu kuliko ya kwanza na usiiruke. Wale wawili wanaosikiliza kwa siri wanangoja kuona kama na wao watafukuzwa. Usiwataje. Waache wajitaje.

Sharti la baraza libaki lilivyo, kumaliza kitabu, ila aliyemaliza kwa sikio awe amemaliza. Swali la "ukurasa wa ngapi" lipumzishe. Mahali pake weka ombi: "Tusikilizishe hapo." Kila mtu aje na kipande kimoja kilichomgusa, mwenye kitabu akisome kwa sauti, mwenye simu akicheze, na wengine wanyamaze mpaka kiishe. Wanaosikiliza wajizoeshe kuandika dakika waliyokutana na jambo, kama wewe unavyokunja pembe ya ukurasa (najua unakunja, walimu wote wa Kiswahili hukunja na kuwakataza wanafunzi). Na ukurasa ukihitajika kweli, nakala unayo wewe. Mtafutie. Dakika mbili tu, na mtakuwa mmekitafuta kitabu pamoja.

Kuna jambo la sheria nisiliache, maana watu wenye shauku hupitiliza. Binti kumrekodia mama yake amalize kitabu nyumbani ni kitu kimoja. Kuzitupa rekodi hizo kwenye makundi ya WhatsApp yenye watu mia mbili ni kitu kingine. Sheria ya Tanzania inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kezilahabi alifariki 2020, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Baraza likipenda kurekodi kitabu kizima na kukisambaza, muulizeni kwanza mchapishaji. Vitabu vya sauti vya Kiswahili vilivyotolewa kihalali ni vichache, na mchapishaji akiona kuna watu wanaovitaka huenda akaamka.

Kuhusu miwani ya tatu sisemi kitu. Nitasema tu kwamba ukishamaliza yale ya kiwandani kwa Bi Fundi, umwombe, akipenda, akurushie kipande kimoja alichosoma binti, kile cha Majivuno. Kaa nacho usiku taa ikiwa imezimwa. Si lazima uniandikie ulivyokiona.

Na mwisho, Mwalimu, umeniambia baraza lina watu 11. Katika hadithi yako yote kuna mtu mmoja aliyesoma Kusadikika mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno, kwa sauti, jioni baada ya jioni, baada ya masomo yake ya kidato cha tatu, na huyo hana kiti kwenye baraza lako. Mama yake akikubali kurudi, mwambie aje naye. Ukimpa nafasi ya kusoma, kaa mbali kidogo usimsahihishe matamshi, na zamu hiyo ya kashata iwe yako.

Shangazi